Mabingwa waliokula ndani ya basi

JUMAMOSI ya tarehe 3 Desemba 1955, uwanja wa Orange Bowl mjini Miami, Marekani, ulijaa hadi pomoni. Makumi ya maelfu ya mashabiki, wengi wao Wamarekani weusi, walikuwa wamemiminika kutoka kila pembe ya jimbo la Florida, na kwao siku hiyo ilikuwa sikukuu hasa. Kulikuwa na gwaride, kulikuwa na bendi ya tarumbeta na ngoma ambayo wapigaji wake walicheza huku wakikaza mwendo, na baada ya hayo yote kulikuwa na mechi.

Mechi yenyewe ilikuwa baina ya vyuo viwili vya watu weusi. Wenyeji walikuwa Florida A&M, timu iliyoogopwa kote Kusini mwa Marekani. Wageni walikuwa Grambling, chuo kidogo kilichojificha katika misitu ya misonobari kaskazini mwa jimbo la Louisiana, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Miami. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Vijana wa Grambling walikuwa wamecheza mechi tisa msimu huo na kushinda zote tisa.

Kipenga cha mwisho kilipolia, Grambling walikuwa na alama 28, Florida A&M 21. Mechi kumi, ushindi mara kumi.

Je, mpenzi msomaji, unadhani vijana hao walitangazwa mabingwa wa vyuo vya Marekani? Thubutu! Taji la mwaka huo lilikwenda kwa Chuo Kikuu cha Oklahoma, ambacho pia hakikuwa kimeshindwa hata mara moja. Oklahoma ilikuwa timu kali, hilo halina ubishi. Lakini haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na waandishi wa michezo waliopiga kura ya kumchagua bingwa hawakuvitia vyuo vya weusi katika hesabu yao. Grambling walivikwa taji na magazeti ya watu weusi, yaliyokuwa na desturi ya kutangaza bingwa wao kila mwaka. Magazeti makubwa ya Kusini, kama yaliandika lolote, yaliandika kwa ufupi.

Nimekuwa nikiifuatilia hadithi ya msimu huo kwa muda mrefu, na kila nikiirudia naona kwamba mechi ndiyo sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni jinsi timu ile ilivyofika uwanjani.

Si kandanda yetu

Kabla sijaenda mbali, nimweleze yule ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu. Mmarekani akisema futiboli hana maana ya kandanda tunayoijua sisi. Mchezo wao unakaribiana zaidi na raga. Mpira una umbo la yai, na mtu anaruhusiwa kuukumbatia na kutimua mbio nao. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu kichwani na kinga nene mabegani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi. Ikifaulu hupewa nne nyingine, ikishindwa hunyang'anywa. Anayefika na mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani amefunga tachidauni, ambayo ni alama sita, kisha timu yake hupata nafasi ya kuongeza alama juu yake.

Ni mchezo wa mabavu, lakini pia ni mchezo wa hesabu. Kila hatua huchorwa mapema kwenye daftari kama mpango wa vita, na kijana asiyeweza kukumbuka mahali pa kusimama, hata awe na misuli ya fahali, hana faida kwa kocha wake.

Kocha wa dola 63

Daftari la Grambling lilikuwa mikononi mwa Eddie Robinson. Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Babake alilima shamba la mtu mwingine kwa mpango wa kugawana mavuno, mpango ambao kwa kawaida ulimwacha mkulima na deni, na mamake alifanya kazi katika nyumba za watu. Robinson alikulia Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo hilo, ambako kulikuwa na chuo kikuu cha serikali kilichowafungia milango vijana weusi. Kwa hiyo akasomea Leland, chuo kidogo cha weusi karibu na mji huo. Alipomaliza, akaambulia kazi katika kinu cha kusaga chakula cha mifugo kwa senti 25 kwa saa.

Mwaka 1941 alipata habari kwamba huko Grambling kulihitajika kocha. Rais wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, alimchukua akiwa na umri wa miaka 22 tu. Mshahara ulikuwa dola 63 na senti 75 kwa mwezi. Mwaka huo huo alikuwa amemwoa Doris, msichana aliyependana naye tangu wakiwa wadogo.

Wakati huo chuo hakikuitwa Grambling. Kilibeba jina refu kama treni ya mizigo: Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Robinson alipenda kutania kwamba mashabiki wakianza kuishangilia timu kwa jina lake kamili, wapinzani walikuwa wameshafunga kabla jina halijakwisha. Mnamo 1946 likafupishwa likawa Chuo cha Grambling, na tangu 1974 kinaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Grambling.

Hapa niruhusu nipige kona kidogo, kwa sababu asili ya chuo hicho inatugusa hata sisi wa Kenya. Grambling ilianzishwa mwaka 1901 na wakulima weusi waliotaka watoto wao wapate shule. Walimwandikia Booker T. Washington, mkuu wa chuo mashuhuri cha Tuskegee, naye akawapelekea mtu wake, Charles P. Adams, awajengee. Fikra ile ile ya Tuskegee na Hampton, kwamba mtu mweusi afunzwe kwanza kazi za mikono na kilimo, ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki na tume ya Phelps-Stokes mwaka 1924. Mmoja wa wanatume hao alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete, kwa mfano wa walimu weusi wa Kusini mwa Marekani. Mbiyu Koinange naye alivuka bahari mwaka 1927 kwenda kusoma Hampton. Kwa hiyo anayepita Kabete leo kwenye Chuo cha Serikali cha Kenya anapita mahali palipo na undugu wa mbali na kile kijiji cha Louisiana. Wazee wetu wengi waliikataa elimu hiyo ya jembe na nyundo wakadai elimu kamili, na huko Marekani ubishi huo huo ulirindima kwa miaka mingi.

Turudi kwa kijana wetu wa dola 63. Kuwa kocha Grambling kulikuwa ni kuwa kila kitu. Robinson alikata nyasi za uwanja, akachora mistari, akawafunga wachezaji bendeji, akafundisha darasani na kuzisimamia timu za michezo mingine. Baada ya mechi aliketi kuandika habari yake mwenyewe na kuipeleka kwa magazeti, kwani asingeandika yeye hakuna ambaye angeandika.

Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu na kushindwa tano. Msimu wa pili, 1942, yalitokea mambo ambayo hata leo ni vigumu kuyaamini. Grambling walicheza mechi tisa, wakashinda tisa, na katika zote hizo hakuna mpinzani aliyewafunga hata alama moja. Kisha Vita Vikuu vya Pili vikawachukua vijana, na mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu kabisa.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Robinson katika miaka hiyo ya mwanzo. Mzee mmoja aliwatoa wanawe wawili mazoezini kwa sababu pamba ilikuwa imeiva na hapakuwa na mikono ya kuichuma. Wavulana hao walikuwa tegemeo la timu. Kocha hakwenda kumbembeleza mzee wala kumtisha. Aliwachukua wachezaji wote, wakaingia shambani, wakachuma pamba mpaka ikaisha. Kisha akaondoka na wachezaji wake wawili.

Kijana aliyeitwa Kifaru

Vita vilipokwisha mwaka 1945, timu ikafufuliwa, na ndipo alipotokea Paul Younger. Alizaliwa pale pale Grambling mwaka 1928, akajiunga na chuo akiwa na miaka 17. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwepesi wa mbio, mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai katika mtu mmoja. Kumkamata ilikuwa kazi ya watu watatu au wanne. Wakamwita Tank, yaani kifaru cha vita. Katika misimu minne, kutoka 1945 hadi 1948, alifunga tachidauni 60, rekodi ya vyuo kwa wakati huo.

Mwaka 1948 chuo kilimpata mtu mwingine ambaye mchango wake hausemwi vya kutosha. Huyu ni Collie J. Nicholson, aliyekuwa mwandishi wa habari za vita katika kikosi cha wanamaji cha Marekani. Kazi yake ilikuwa kuitangaza Grambling. Aliandika usiku na mchana, akayalisha magazeti ya watu weusi nchini kote habari na picha za timu. Msomaji mweusi wa Chicago au Los Angeles, ambaye huenda wazazi wake walikimbia umaskini wa Kusini, alianza kukijua chuo cha kijiji ambacho hangeweza kukionyesha kwenye ramani. Ukiniuliza mimi, bila Nicholson huenda Younger angebaki kuwa gwiji wa kusimuliwa kijijini tu.

Ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja kuanzia 1934 hadi 1945. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles ikitaka kutumia uwanja wa umma, na waandishi weusi wa mji huo wakauliza kwa sauti: uwanja uliojengwa kwa kodi za wote utatumiwaje na timu inayobagua? Rams wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Lakini hao walikuwa wamesoma katika chuo kikuu kilichochanganya weusi na weupe. Kuhusu vyuo vya weusi, wakubwa wa mchezo waliendelea kusema kwamba kiwango chao ni cha chini.

Mwaka 1949 Rams hao hao wakamwita Younger. Hakuna timu iliyokuwa imemchagua katika usajili rasmi wa mwaka huo, kwa hiyo alikwenda kama mtu wa kujaribiwa, na mkataba wake ukawa wa dola 6,000. Kabla ya kuondoka, Robinson alimweka chini akamwambia ukweli bila kuupaka asali. Alimkumbusha kwamba yeye ndiye bora waliyekuwa naye. Akishindwa, watasema walichukua aliye bora kabisa kutoka vyuo vya weusi na hakufaa kitu, na hakuna ajuaye mlango huo utafunguliwa tena lini.

Hebu fikiria, kijana wa miaka 20 anaambiwa hivyo! Nadhani haukuwa mzigo wa haki hata kidogo, na sidhani Robinson aliona ni wa haki. Ila aliona ni heri kijana aujue kuliko kuubeba bila kujua. Familia nyingi za hapa kwetu zinauelewa mzigo wa aina hiyo. Mtoto wa kwanza kijijini kwenda chuo kikuu, aliyechangiwa harambee na watu walioleta kuku na mayai, hafanyi mtihani peke yake. Kijiji kizima kimo ndani ya chumba cha mtihani.

Younger hakuanguka. Alicheza NFL misimu kumi, akawa miongoni mwa Rams waliotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1951, na akachaguliwa mara kadhaa katika mechi ya nyota wa ligi. Baadaye alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa naibu wa meneja mkuu wa timu ya NFL, katika klabu ya San Diego Chargers. Alifariki mwaka 2001. Robinson sasa alikuwa na jibu kwa kila kijana aliyemuuliza kama kuna maisha mbele.

Mwaka wa mechi kumi

Mwaka 1954 Robinson alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, mbali kaskazini. Mtu aliyelipwa na jimbo la Louisiana kuwafunza vijana wake alilazimika kutafuta elimu ya juu kwingine. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Majimbo ya Kusini yakaapa kwamba hayatatii.

Msimu wa 1955 ulianza katika hali hiyo. Tarehe 28 Agosti, katika jimbo jirani la Mississippi, mvulana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili kwa kudaiwa kumkosea adabu mwanamke mzungu dukani. Mnamo Septemba, wakati vyuo vikianza mechi zake, wanaume wawili wazungu walioshtakiwa kwa mauaji hayo wakaachiliwa huru na wazee wa baraza waliokuwa wazungu watupu. Baadaye waliungama wenyewe kwa jarida moja kwamba ni wao. Wachezaji wa Grambling walikuwa wakubwa wa Till kwa miaka michache tu. Kila walipotoka nje ya chuo kwenda kucheza walipita katika barabara za nchi hiyo hiyo.

Ndiyo maana safari za Grambling zilipangwa kama za kijeshi. Mikahawa ya barabarani haikuwauzia weusi chakula, au iliwauzia kupitia dirisha la nyuma kana kwamba ni wezi. Robinson alikataa vijana wake wadhalilishwe hivyo. Aliwatengenezea sandwichi kwa mikono yake mwenyewe kabla ya safari, wakala ndani ya basi. Hoteli za wazungu hazikuwapokea, kwa hiyo timu za weusi zililala katika mabweni ya vyuo wenyeji au nyumbani kwa watu weusi. Hata kwenda haja kulihitaji mipango, maana kituo cha petroli kilichokuuzia mafuta kingeweza kukunyima choo.

Na katika safari hizo vijana walivaa koti na tai. Robinson alishikilia jambo hilo kama dini. Kule bwenini asubuhi alipita akigonga kengele ya ng'ombe kuwaamsha waende darasani, na Jumapili kanisani. Kuna waliomwona mkali kupita kiasi. Wengine, miaka ya baadaye, walimlaumu kwamba hakupaza sauti dhidi ya ubaguzi kama wanaharakati walivyofanya. Lawama hiyo ina uzito wake. Chuo chake kilitegemea fedha za serikali ya jimbo iliyokuwa mikononi mwa wazungu, na Rais Jones alijua kwamba neno moja la hasira lingeweza kufunga bomba. Walichagua kujenga kimya kimya. Mtu anaweza kubishana nao, lakini abishane akikumbuka walipokuwa wamesimama.

Nahodha wa timu ya 1955 alikuwa Willie Davis. Huyu alizaliwa Lisbon, Louisiana, mwaka 1934, akalelewa Texarkana katika jimbo la Arkansas. Alikuwa mlinzi, na kazi yake ilikuwa kuvunja ukuta wa wapinzani na kumfikia mwenye mpira. Chini ya Davis na wenzake, Grambling walishinda moja, mbili, tatu, hadi tisa. Ndipo ukaja mwaliko wa Miami.

Usiku wa Miami

Mechi ya Orange Blossom Classic ilianzishwa mwaka 1933, na kuanzia 1947 ikawa inachezewa Miami. Kila mwaka Florida A&M ilialika timu ya weusi iliyofanya vizuri kuliko nyingine, kwa hiyo kwa watu weusi ilikuwa kama fainali ya taifa.

Miami ya wakati huo ilikuwa miji miwili. Upande wa ufuo, Miami Beach, mtu mweusi alikwenda kufagia, kupika na kuimba, na mfanyakazi mweusi alitakiwa kuwa na kitambulisho cha polisi. (Mkenya aliyeishi enzi za kipande haambiwi maana yake.) Hata nyota kama Nat King Cole na Ella Fitzgerald, wakimaliza kuwatumbuiza wageni wa hoteli za ufuoni, walivuka daraja kwenda kulala Overtown, mtaa wa weusi. Wiki ya mechi, Overtown ilikesha.

Kocha wa Florida A&M, Jake Gaither, hakuwa mtu wa mzaha. Mwaka 1942 alinusurika ugonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, akarudi, akachukua timu mwaka 1945, na alipostaafu mwaka 1969 alikuwa ameshinda mechi 203 na kushindwa 36 tu. Katika kikosi chake cha 1955 alikuwamo Willie Galimore, mkimbiaji aliyekuja kutamba na Chicago Bears. Bendi yao, iliyoanzishwa na William P. Foster mwaka 1946, ndiyo iliyowafunza Wamarekani kwamba bendi ya chuo inaweza kucheza kama wachezaji wa densi.

Hao ndio Grambling waliowafunga 28 kwa 21 mbele ya watu wao. Tofauti ilikuwa alama saba, yaani tachidauni moja na nyongeza yake. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga, lakini usiku huo lilikwenda.

Wiki hiyo hiyo

Ukitazama kalenda ya wiki hiyo utashangaa. Alhamisi, tarehe 1 Desemba, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa. Jumamosi Grambling walicheza Miami. Jumatatu, tarehe 5, weusi wa Montgomery walianza kuyasusia mabasi, mgomo uliodumu zaidi ya mwaka mzima na kumtoa Martin Luther King katika mimbari ya kanisa lake hadi mbele ya dunia.

Na Ijumaa ya katikati? Siku hiyo gavana wa Georgia, Marvin Griffin, alitaka chuo cha Georgia Tech kizuiwe kucheza mechi ya Sugar Bowl dhidi ya Pittsburgh. Kosa la Pittsburgh lilikuwa kuwa na mchezaji mmoja mweusi, Bobby Grier. Usiku huo wanafunzi wazungu wa Georgia Tech waliandamana hadi makao ya gavana. Sitawapamba, maana wengi walitaka tu mechi yao ichezwe. Lakini waliandamana, na mechi ikachezwa tarehe 2 Januari 1956. Georgia Tech walishinda 7 kwa 0, na bao hilo la pekee lilitokana na adhabu iliyobishaniwa sana aliyopewa Grier mwenyewe.

Mechi hiyo ilichezewa New Orleans, jimbo la Louisiana, nyumbani kwa Grambling. Mchezaji mmoja mweusi kutoka kaskazini alizua tafrani ya magavana na mitihani ya katiba, ilhali katika jimbo hilo hilo kulikuwa na timu nzima ya weusi isiyoshindwa, na hakuna aliyefikiria kuialika. Wakubwa wa Louisiana walijibu kwa namna yao. Julai 1956 walipitisha sheria ya kupiga marufuku weusi na weupe kucheza michezo pamoja. Bondia mweusi, Joseph Dorsey, aliipeleka mahakamani, na mwaka 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ikaimaliza.

Waliotoka humo

Willie Davis alichaguliwa na Cleveland Browns mwaka 1956, tena katika raundi ya 15, mahali ambapo timu huokota mabaki. Mwaka 1960 akahamia Green Bay Packers, akatwaa nao ubingwa mara tano, zikiwemo Super Bowl mbili za mwanzo kabisa. Huku akicheza, alisoma Chuo Kikuu cha Chicago na kupata shahada ya uzamili katika biashara mwaka 1968. Akawa tajiri. Mwaka 1981 jina lake liliingia katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo, na alifariki mwaka 2020.

Nyuma yake walikuja wengine wengi mno kuwataja. Zaidi ya vijana 200 wa Robinson walicheza mchezo wa kulipwa. Doug Williams ndiye aliyeiongoza Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl ya Januari 1988, akiwa mrushaji mpira mkuu wa kwanza mweusi kushinda fainali hiyo.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililoumiza. Kuanzia miaka ya 1970 vyuo vikubwa vya Kusini, vile vile vilivyowafukuza akina Robinson langoni, vilianza kuwagombania vijana weusi. Vilikuwa na fedha, viwanja vikubwa na televisheni. Kijana kama Willie Davis hakuwa tena na sababu ya kupanda basi kwenda Grambling. Mlango aliousukuma Tank Younger ulipofunguka, waliotoka walikuwa wengi kuliko walioingia, na vyuo vya weusi vikabaki na vumbi la historia na bendi nzuri. Sijui ni nani angethubutu kusema ingekuwa heri mlango ubaki umefungwa. Wazee wa Grambling hawakusema hivyo, lakini waliuhisi upepo.

Robinson mwenyewe hakuondoka. Alikaa na chuo kimoja na mke mmoja. Mwaka 1985 aliivunja rekodi ya Bear Bryant, kocha wa Alabama aliyeabudiwa na wazungu wa Kusini, na alipostaafu mwaka 1997 alikuwa na ushindi 408. Mechi kumi za 1955 zimo katika hesabu hiyo, na vitabu vya rekodi vya taifa zima vinazihesabu.

Alifariki tarehe 3 Aprili 2007. Mwili wake ulilazwa katika jengo la serikali ya jimbo mjini Baton Rouge, mji ule ule alimokulia, na watu wakapiga foleni, weusi kwa weupe, kupita mbele ya jeneza.